Programu ya kufuatilia mwendo wa madereva: itaanza kwa kukuonyesha ratiba yako

Swali: Nina kampuni ndogo ya kupeleka wageni mbugani, ofisi iko Njiro, Arusha. Nina Land Cruiser tano na Noah mbili za kupokea wageni uwanja wa ndege wa KIA. Mwezi uliopita wageni wamelalamika kwamba dereva alikimbiza gari kutoka Makuyuni hadi mjini mpaka mama mmoja akalia. Nimeonyeshwa programu ya simu inayorekodi mwendo wa gari na kuniletea taarifa kila jioni. Nataka kuiweka kwenye simu za madereva bila kuwaambia, nione ukweli kwanza, halafu kila atakayezidisha nimkate elfu ishirini. Dereva wangu mkubwa, ambaye nilianza naye kampuni hii, amesikia fununu na anasema siku nikiweka hicho kitu anarudisha funguo. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, iweke hiyo programu, na usichelewe. Ila usiiweke kwa siri, na mpango wa elfu ishirini uache kabisa. Nitakueleza sababu, na nitakueleza pia jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Nimesimamia magari ya kampuni kwa miaka ishirini na moja: kwanza Fuso za kusambaza bidhaa Moshi na vijiji vyake, baadaye magari ya wageni hapa Arusha. Mwaka wangu wa nne kazini nilikuwa na dereva aliyechelewa kutoka mjini kwenda KIA. Ndege ilikuwa inakaribia kutua. Nikampigia simu kumuuliza amefika wapi. Akaniambia Usa River. Nikampigia tena baada ya dakika chache, na mara ya tatu. Mara ya tatu hakupokea. Gari lilikuwa limeviringika baada ya Kikatiti, akijaribu kumkwepa mtu wa baiskeli. Alivunjika mguu na nyonga, akakaa kitandani miezi mitano. Maelezo ya ajali yakaandikwa chanzo ni mwendokasi wa dereva, na ilikuwa kweli. Lakini kwenye simu yake kulikuwa na namba yangu mara tatu ndani ya robo saa, na hilo halikuandikwa popote. Ndiyo maana mtu akiniuliza namna ya kuwadhibiti madereva wanaokimbia, humuuliza kwanza: nani anawakimbiza?

Tuangalie huo mwendo wenyewe. Chukua gari lenye breki nzima kwenye lami kavu, dereva yuko macho, na mtoto anaingia barabarani. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dereva anatumia kama sekunde moja kushtuka na kukanyaga breki, na katika sekunde hiyo gari limekwenda mita 22. Kisha linahitaji mita kama 35 kusimama. Jumla ni mita 57 au 58. Sasa dereva huyohuyo awe kwenye 100. Kabla mguu haujagusa breki ameshamaliza mita 28, na pale ambapo gari la kwanza lilikuwa limeshasimama, hili la pili bado linakwenda karibu kilomita 68 kwa saa. Yaani tofauti ya 20 kwenye mshale inakuwa tofauti ya 68 pale mtoto aliposimama. Hapo nimekadiria gari la kawaida. Land Cruiser iliyorefushwa, yenye wageni sita na mabegi juu, inahitaji nafasi zaidi.

Na faida yake? Kutoka Makuyuni hadi Arusha ni kama kilomita 80. Ukienda 80 bila kusimama ni saa moja, ukienda 100 ni dakika 48. Dakika 12, na hizo ni kwenye karatasi tu, maana njiani kuna makazi ambapo sheria inataka 50, kuna matuta, kuna ng'ombe wanaovuka, na kuna foleni ya jioni ukishapita Kisongo. Dereva aliyemliza yule mama huenda alifika dakika tano kabla ya yule ambaye angekwenda taratibu.

Sasa hiyo programu. Simu inajua mwendo kwa kusikiliza setilaiti za GPS, na mahali pa wazi kama uwanda wa Makuyuni inapima vizuri sana, mara nyingi vizuri kuliko mshale wa dashibodi. Madereva watakuja na hoja kwamba simu inawaonea. Ukweli ni kinyume: watengenezaji wa magari hupanga mshale usionyeshe mwendo mdogo kuliko halisi, kwa hiyo kwa kawaida mshale unazidisha kidogo na simu inasoma chini yake. Isipokuwa jambo moja ambalo magari yetu yanalo sana. Ukifunga matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani, mshale unaanza kudanganya upande wa pili: unaonyesha 80 wakati gari liko 86 au 88. Kabla ya kumlaumu mtu, panda kila gari, washa simu, linganisha namba mbili hizo kwenye kipande kilichonyooka, uandike tofauti na kuibandika kwenye dashibodi. Kazi hiyo itakuchukua nusu siku, na itakuondolea ugomvi wa mwaka mzima.

Kuna mahali simu inakosea kweli. Chini ya miti minene, kwenye makorongo, au mara baada ya kuwashwa, inaweza kuruka na kuandika 140 kwa sekunde moja. Kwa hiyo usihesabu kosa la papo kwa papo. Weka kwamba kosa ni kuzidisha kikomo kwa zaidi ya kilomita 5 na kuendelea hivyo kwa sekunde 20 au zaidi. Hapo hesabu itakuwa ya mguu wa dereva, na setilaiti itakuwa imetoka kwenye lawama.

Simu za Android tunazotumia wengi zina tabia ya kuiua programu iliyo nyuma ili kutunza betri. Ingia kwenye mipangilio, iondoe programu hiyo kwenye orodha ya kubana betri, na ruhusa ya mahali iwe ya wakati wote. Usipofanya hivyo utaona gari limepotea Mto wa Mbu na kuibuka Karatu, ukadhani dereva amezima. Chagua programu inayohifadhi safari hata pasipo mtandao na kuituma baadaye, maana Serengeti kuna maeneo makubwa yasiyo na mnara. Angalia pia saa yake. Nimekuta ofisi moja ikimgombeza dereva kwa kuendesha saa 9 usiku, kumbe programu ilikuwa kwenye saa za Greenwich, nyuma yetu kwa saa tatu. Kijana wa watu alikuwa anaondoka saa 12 asubuhi, kama alivyopangiwa.

Ushauri wangu ni kwamba usitumie simu binafsi za madereva. Nunua simu saba za bei nafuu, zifungwe kwenye magari pamoja na chaja, ziwe mali ya gari. Kila dereva awe na namba yake ya siri ya kuingilia kabla ya safari. Hii itakusaidia pia kwenye suala la deiwaka. Siku dereva wako akiwa na homa na ndugu yake akamshikia Noah kwenda KIA, utajua nani alikuwa kwenye usukani. Na gari likishaondoka, dereva asiwe na sababu hata moja ya kuigusa simu hiyo. Ukiona programu inamtaka abonyeze chochote njiani, itupe, tafuta nyingine.

Nirudi kwenye siri. Taarifa za mtu alipo na anavyokwenda ni taarifa zake binafsi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inataka mtu aelezwe taarifa zake zinakusanywa kwa lengo gani. Inamtaka pia anayekusanya ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Andika karatasi moja kwa Kiswahili cha kawaida: tunarekodi mwendo na njia ya gari wakati wa kazi tu, anayeona ni mimi na mratibu wa safari, tunazihifadhi kwa miezi kadhaa, kila dereva anaweza kuona za kwake. Kila mmoja asaini, abaki na nakala. Akikabidhi gari jioni, ufuatiliaji unaisha hapo. Anakokwenda usiku si kazi yako.

Hata sheria isingekuwepo, ningekushauri vivyo hivyo. Dereva anayegundua kwamba alikuwa anachunguzwa bila kujua hafikirii tena mwendo wake. Anafikiria nini kingine umemficha. Na wewe unamkabidhi watu sita na kuwapeleka siku tano mahali ambapo huwezi kumfikia kwa simu. Huyo mtu unahitaji akuamini.

Kuhusu elfu ishirini: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuachii ukate mshahara kama unavyotaka. Hata mfanyakazi akisababisha hasara kwa kosa lake, ni lazima aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Kupita kwa kasi bila kuvunja kitu hakuingii hata humo. Utaratibu wa onyo la mdomo, onyo la maandishi, na mwisho kikao cha nidhamu upo, na una nguvu kuliko elfu ishirini. Nimeona pia faini inavyogeuka bei. Dereva akipata bakshishi ya dola mia kwa mgeni aliyewahi ndege yake, elfu ishirini ni nauli tu ya kukimbia.

Wakati huohuo, uache kulipa faini za trafiki kimyakimya kutoka kwenye fedha ndogondogo za ofisi. Deni la gari unaliangalia mtandaoni kwa namba ya gari, kwa hiyo liangalie kila Jumatatu. Kosa moja la mwendo ni shilingi 30,000. Kampuni inayolipa bila kuuliza imeshamwambia dereva kwamba kukimbia kuko kwenye bajeti.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Mwezi wa kwanza usimwonye mtu. Waambie wazi: mwezi huu tunatazama tu. Kisha chukua taarifa zote, usizipange kwa majina ya madereva. Zipange kwa mahali na saa. Nakuhakikishia hutaona makosa yametawanyika kila kona. Utaona yamejaa sehemu tatu au nne, saa zilezile, kwa madereva tofauti.

Moja ya sehemu hizo itakuwa ndani ya Serengeti, kati ya Seronera na geti la Naabi, mchana. Wewe unajua kwa nini, maana kibali umekilipia mwenyewe. Kiingilio cha Serengeti kinahesabiwa kwa saa 24 tangu mlipoingia. Mkiingia jana saa 6 mchana, leo saa 6 mchana muwe mmetoka, la sivyo inalipwa siku nyingine kwa kila kichwa. Seronera hadi Naabi ni kama kilomita 45, na kikomo ndani ya hifadhi ni 50. Hiyo ni karibu saa nzima bila kusimama hata kwa swala. Lakini ratiba inasema wageni wapate kifungua kinywa saa 3, waangalie wanyama, watoke saa 6. Saa 5 simba anaonekana juu ya jiwe. Dereva gani atawaambia wageni waliolipa maelfu ya dola kwamba hatuna muda wa simba? Anasimama nusu saa, kisha nusu saa hiyo anailipa kwa mguu.

Na anailipa kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati. Hapa niseme kidogo, kwa sababu madereva wengi wazuri wanaamini jambo hili na lina nusu ya ukweli. Ukienda 40 kwenye mikunjo ile, gari linatetemeka mpaka meno yanagongana. Ukifika 70 au 80 mtetemo unapungua, wageni wanashukuru, na dereva anajiona amewasaidia. Mtetemo umepungua kwa sababu tairi linaruka kutoka mgongo hadi mgongo, halishuki bondeni. Maana yake ni kwamba sehemu ya muda huo tairi haligusi ardhi vya kutosha, na tairi lisilogusa ardhi halipindi wala halifungi breki. Kwenye mnyooko hutaona tatizo. Tatizo litakuja kwenye kona ndogo, au pale nyumbu anapokata njia. Mweleze dereva hivyo, kwa maneno hayo, ataelewa mara moja kwa sababu mikono yake imeshausikia ule usukani mwepesi. Kisha punguza upepo wa matairi kidogo kwenye njia hizo, kagua shokomzoba kila safari, na uweke muda wa kutosha kwenye ratiba.

Dawa ya Naabi haimo ndani ya simu. Panga wageni waingie hifadhini saa 8 mchana badala ya saa 6, au watoke Seronera zikiwa zimebaki saa mbili kibali kuisha, na uwaambie wageni hivyo kwenye maelezo ya siku ya kwanza ili dereva asibebe lawama peke yake. Na ndani ya kampuni yako iwe sheria: dereva akichelewa geti kwa sababu ya mnyama, tairi au mvua, kampuni inalipa siku ya ziada, haulizwi kwa ukali. Itakuuma mara mbili tatu kwa mwaka. Lakini linganisha na Land Cruiser moja iliyolala ubavu.

Sehemu ya pili itakuwa njia ya KIA, na hapo utakuta ofisi yako imempa dereva safari mbili zilizobanana. Ya tatu ni jioni ya mwisho wa safari, kutoka Makuyuni kurudi nyumbani. Hiyo haina ratiba inayosukuma. Ni uchovu na hamu ya kuwaona watoto. Dereva aliyeamka saa 10 alfajiri siku tano mfululizo asiambiwe arudishe gari, alioshe, na kesho saa 1 awe KIA. Sisi watu wa Arusha hatujasahau Rhotia, kule Karatu, Mei 2017, basi la wanafunzi lilipotumbukia korongoni na watu 35 wakapoteza maisha, 32 kati yao wakiwa watoto. Sisemi lolote hapa juu ya chanzo cha ajali ile. Ninachosema ni kwamba magari yako yanapita mteremko uleule kila wiki, mara nyingi kwenye mvua, na dereva anayefika pale anatakiwa awe amelala usiku.

Ukishatengeneza ratiba, mwezi wa pili washa sauti ya onyo ndani ya gari. Hiki ndicho kifaa chenye kazi kubwa kuliko taarifa zote za jioni. Dereva akizidisha, simu inalia papo hapo, anaachia mafuta, imekwisha. Trafiki mwenye tochi yuko sehemu moja, na dereva akipigiwa taa na dereva mwenzake kutoka mbele anapunguza kwa kilomita mbili kisha anaendelea. Simu haipigiwi taa. Weka 80 kama kikomo cha kampuni kwenye barabara kuu, 50 kwenye makazi na ndani ya Serengeti, na kwa njia za vumbi kaa na madereva mkubaliane. Usitegemee ramani ya programu kujua vikomo vya kwetu, maana vijiji vingi havina alama yoyote humo. Itabidi mchore wenyewe: Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, Boma Ng'ombe, na upande wa pili Kisongo, Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu.

Unapohesabu, hesabu kwa kila kilomita 100. Dereva mwenye makosa 12 ndani ya kilomita 1,500 ni mtulivu kuliko mwenye makosa 6 ndani ya kilomita 200, lakini orodha ya makosa matupu itamwonyesha wa kwanza kuwa ndiye mbaya. Usibandike orodha ukutani, wala usiitume kwenye kundi la WhatsApp la kampuni. Muite mtu peke yake, mara moja kwa wiki, dakika kumi, na swali la kwanza liwe "hapa palikuwa na nini?" Mara nyingine utaambiwa alikuwa analipita lori lililomsonga, nawe utalifuta kosa hilo. Atakayerudia bila sababu, baada ya kuonywa kwa mdomo na kwa maandishi, mtoe kwenye usukani. Hapo usitetereke, hata kama wageni wanampenda. Na mwenye robo mwaka safi mpe zawadi ya fedha inayoonekana, yenye uzito wa kulinganishwa na bakshishi. Na wewe mwenyewe na mratibu wako msimpigie dereva aliye barabarani. Sasa mnaona gari liko wapi kwenye ramani, hakuna haja ya kumuuliza.

Nimalizie na mzee wako anayetaka kurudisha funguo. Mwite kabla ya kikao cha wote, ofisini, umwambie kwa mdomo wako, asiendelee kusikia kwa fununu. Mtu aliyeanza na wewe haogopi namba. Anaogopa kwamba miaka yake yote itahukumiwa na kijana aliyekaa mbele ya kompyuta Njiro. Mweleze ya Naabi, mwombe akuambie ni ratiba zipi hazibebeki, uandike mbele yake. Kisha mpe gari la kwanza lenye simu, mwende wote wawili hadi Karatu na kurudi, yeye akiendesha na wewe ukichora. Kila kijiji, kila tuta, kila kona ambayo ramani haiijui, yeye anaijua. Pale atakaposema "hapa weka 40", weka 40, hata kama sheria inaruhusu zaidi.